Kabla ya Sheria Kulikuwa na Simu

Wachina wana msemo wao wa zamani: hata hakimu mwadilifu hawezi kuamua ugomvi wa nyumbani kwa watu. Wana na mwingine: aibu ya nyumba haitolewi nje. Ukinitajia misemo hiyo miwili bila kuniambia imetoka wapi, nitakuambia nimeisikia kwa bibi yangu. Kwani sisi hatunao wetu? Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ujumbe ni ule ule. Ya ndani yaachwe ndani, na anayejitia kuamua atakuja kuumbuka.

Sasa swali langu la leo ni hili. Katika jamii yenye hekima ya namna hiyo, mwanamke anayepigwa na mumewe anamkimbilia nani? Nani anamfungulia mlango usiku? Nimekuwa nikisoma habari za China kwa muda sasa, si zile za barabara na reli tunazoandikiwa kila siku, bali za wanawake wa kule, na nimekuta historia ambayo nadhani wengi wetu hatujaisikia. Ndani yake kuna mwandishi wa habari mstaafu, kuna polisi wa zamani, na kuna Mtanzania mmoja tunayemfahamu sote. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze mwaka 1950. Chama cha Kikomunisti kimetangaza Jamhuri ya Watu wa China Oktoba 1949, na miongoni mwa sheria zake kubwa za mwanzo kabisa ni Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika Mei 1, 1950. Ilipiga marufuku ndoa za kulazimishwa, kuoza watoto na kuweka masuria, na ikampa mwanamke haki ya kudai talaka. Kwenye karatasi yalikuwa mapinduzi kweli kweli. Kule vijijini ikawa balaa. Wanawake waliothubutu kwenda kudai talaka walikutana na waume, wakwe na hata makada wa chama waliowaona kama wahaini wa ukoo. Wengine waliuawa, wengine wakajiua. Taarifa za serikali yenyewe za miaka ile zilitaja makumi ya maelfu ya vifo, na mwaka 1953 ikabidi ifanyike kampeni ya nchi nzima kuwaelimisha watu juu ya sheria hiyo. Mnaona? Haki ilifika kijijini, lakini mtu wa kumsindikiza mwanamke kuifuata hiyo haki hakuwepo.

Si kwamba hapakuwa na wasuluhishi. Walijaa tele. Mijini kila mtaa ulikuwa na kamati ya wakazi, ambayo kwa msomaji wa Tanzania naweza kuifananisha kidogo na mjumbe wa nyumba kumi. Kila kiwanda na kila ofisi ya serikali ilikuwa ni "danwei", yaani kitengo cha kazi kilichokuajiri, kikakupa nyumba, kikakutibu, na kikajua mkeo amelala na njaa au ameshiba. Na kulikuwa na Shirikisho la Wanawake la China Nzima, lililoundwa mwaka 1949, lenye matawi hadi vijijini. Mwanamke aliyepigwa angeweza kwenda kote huko, na wengi walikwenda.

Tatizo ni kile walichokikuta. Kazi ya wote hao ilikuwa kupatanisha. Vumilia, fikiria watoto, mpikie vizuri, hasira zake zitapoa. Na hata mume na mke wakikubaliana kuachana, hadi Oktoba 2003 walitakiwa kwenda kusajili talaka na barua kutoka kitengo cha kazi au kamati ya mtaa. Hebu fikiria unaomba barua ya kuachana na mume kutoka kwa bosi ambaye jioni anacheza naye karata. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba jamii ikiwa karibu basi mwanamke yuko salama. Kule jamii ilikuwa karibu mno, ila ilikuwa upande wa ndoa, haikuwa upande wa mtu aliyemo ndani ya ndoa. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala yangu, naomba muishike.

Hapo ndipo anapoingia mama mmoja anayeitwa Wang Xingjuan. Alikuwa mwandishi wa habari, baadaye mhariri wa vitabu, akastaafu mwaka 1988 akiwa na miaka hamsini na kitu. Ilikuwa miaka ya mageuzi ya uchumi. Viwanda vilikuwa vinapunguza watu, na wa kwanza kuoneshwa mlango walikuwa wanawake. Magazeti yalijaa mjadala kama wanawake warudi jikoni. Badala ya kukaa nyumbani kulea wajukuu, mama huyu akakusanya wenzake wakaanzisha taasisi ndogo ya utafiti wa mambo ya wanawake jijini Beijing. Na Septemba 1992 wakafanya kitu ambacho hakikuwahi kufanyika China: wakafungua simu ya msaada kwa wanawake, ya kwanza nchini humo, wakaweka watu wa kujitolea waipokee.

Kwa nini simu? Mimi naona ni akili kubwa. Kumbuka ule msemo wa aibu ya nyumba kutotolewa nje. Kwenye kamati ya mtaa lazima uonekane ukiingia, na kabla hujatoka jirani ameshajua. Kwenye simu huna sura wala jina. Wakati huo simu za majumbani zilikuwa chache, lakini hilo halikuwazuia. Waliopiga walizungumza mengi, na mengi yalihusu ndoa: mume ana mwanamke mwingine, mume anataka talaka, mume anapiga. Na aliyekuwa upande wa pili wa waya hakutumwa kuokoa ndoa. Alitumwa kumsikiliza mpigaji. Kwa mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa avumilie, kusikilizwa tu ni habari nyingine kabisa.

Lakini simu ile ilifanya na kazi ya pili, ambayo mwandishi yeyote ataielewa haraka. Ilikusanya ushahidi. Kila mpigaji aliamini yuko peke yake, kwamba ni bahati yake mbaya au ukorofi wa mume wake. Waliopokea simu walijua si mmoja, kwani walizipokea siku baada ya siku. Kitu kinachotokea nyumba elfu hakiwezi tena kuitwa mambo ya nyumbani kwa watu.

Serikali haikujua iwaweke wapi watu hawa. Kwa kanuni za China, asasi ilitakiwa iwe na taasisi ya serikali ya kuidhamini, na wao waliyekuwa naye alijitoa. Wakaamua kujisajili kama kampuni ya biashara, wakawa wanalipa kodi kwa kusaidia wanawake bure! Mwaka 1996 wakajiita Hongfeng, jina la mti ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya baridi kuingia. Nadhani mama mstaafu alijua anachokisema.

Sasa tufike 1995, na hapa Watanzania mkae vizuri. Kuanzia Septemba 4 hadi 15 mwaka huo, Beijing iliandaa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake wa Umoja wa Mataifa. Katibu Mkuu wa mkutano ule alikuwa Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Sisi tulimwita Mama Beijing, na kwa miaka mingi baadaye mwanamke yeyote aliyejibu hoja nyumbani au kazini aliambiwa ameleta mambo ya Beijing. Tulifanya utani. Kule Beijing kwenyewe haukuwa utani hata kidogo.

Serikali 189 zilipitisha Mpango wa Utekelezaji wenye maeneo 12 ya kushughulikiwa, na moja kati ya hayo ni ukatili dhidi ya wanawake. China ikiwa mwenyeji nayo ikaukubali. Wakati huo huo lilifanyika jukwaa la asasi zisizo za kiserikali, ambalo wenyeji waliingiwa na hofu wakalihamishia Huairou, nje kabisa ya jiji. Mvua ikanyesha, mahema yakavuja, wanawake wapatao 30,000 wakakanyaga matope. Ila wanawake wa China waliofika pale waliondoka na vitu viwili. Cha kwanza ni neno. "Jiating baoli", ukatili wa nyumbani, ni neno lililoanza kusikika sana nchini humo karibu na mkutano ule. Kabla yake kulikuwa na mume kumpiga mke, kitu ambacho hakina jina maalumu kwa sababu hakuna aliyekiona kuwa jambo. Cha pili ni wazo kwamba raia wanaweza kuunda chombo chao nje ya serikali. Kwa Kichina maneno "isiyo ya kiserikali" yalisikika karibu sawa na "inayopinga serikali", kwa hiyo msidhani lilikuwa wazo jepesi.

Mmoja wa waliokuwepo Huairou ni mwanasheria Guo Jianmei. Aliacha kazi yake, na Desemba 1995 akaanzisha kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake chini ya Chuo Kikuu cha Peking. Mwezi uliofuata, Januari 1996, jiji la Changsha katika jimbo la Hunan likatoa kanuni za kuzuia ukatili wa nyumbani, za kwanza nchini. Mwaka 2000 wanasheria, watafiti na wanaharakati wakaunda mtandao wa kupinga ukatili wa nyumbani uliofundisha mahakimu, polisi, madaktari na watu wa mitaani. Hongfeng nao wakashirikiana na Shirikisho la Wanawake kule Tianjin kuipeleka huduma ndani ya mtaa wenyewe, ili mwanamke asihitaji hata kupiga simu Beijing. Aprili 2001 Sheria ya Ndoa ikarekebishwa, na kwa mara ya kwanza ikatamka wazi kwamba ukatili wa nyumbani ni marufuku. Miaka hiyo hiyo ikatoka tamthilia ya televisheni iliyomwonesha daktari msomi, mpole kazini, anayemtesa mkewe nyumbani. Watu waliizungumzia nchi nzima. Ilivunja ile dhana kwamba wanaopiga ni walevi na watu wasio na shule.

Mpaka hapo unaweza kudhani mambo yalikwenda mserereko. Hapana. Kupiga marufuku ni jambo moja, na polisi kuja ukimwita ni jambo jingine. Mwaka 2009 msichana wa miaka 26 jijini Beijing alikufa kwa kipigo cha mumewe. Yeye na familia yake walikuwa wameripoti polisi mara nane. Nane! Mume alifungwa miaka sita na nusu kwa kosa la unyanyasaji, si la kuua. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Sichuan, mwanamke mmoja alimuua mumewe baada ya kuteswa kwa muda mrefu. Kabla ya hapo alikuwa ameshakwenda polisi na kwenye Shirikisho la Wanawake, wakamrudisha nyumbani. Akahukumiwa kifo. Wanasheria na wanaharakati walipiga kelele hadi Mahakama Kuu ya Watu ikakataa kuidhinisha adhabu hiyo, na Aprili 2015 ikabadilishwa kuwa hukumu ya kifo iliyoahirishwa, ambayo kule kwa kawaida huishia kifungo. Watu wawili hawa ni sura mbili za shilingi moja. Asiposaidiwa atakufa au ataua.

Na wala usidhani ni watu wachache. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010, uliofanywa na Shirikisho la Wanawake pamoja na idara ya takwimu, ulionesha asilimia 24.7 ya wanawake waliowahi kuolewa walikuwa wamepata aina fulani ya ukatili kutoka kwa waume zao. Karibu mmoja kati ya kila wanne.

Mwaka 2011 Kim Lee, Mmarekani aliyeolewa na Li Yang, mwalimu maarufu sana wa Kiingereza nchini China, alikwenda polisi na majeraha asipate msaada wa maana. Akaweka picha za majeraha yake kwenye Weibo. Nchi ikasimama. Wanawake wengi walimwandikia kumweleza yao, na Februari 2013 mahakama ya Beijing ikampa talaka, fidia ya yuan 50,000 kwa ajili ya ukatili, na amri ya kumlinda kwa miezi mitatu. Katikati ya hapo, Februari 14, 2012, wasichana watatu walitembea mtaani Beijing wamevaa magauni meupe ya harusi yaliyopakwa rangi nyekundu kama damu, siku ya wapendanao, wamebeba mabango ya kusema kipigo si mapenzi.

Desemba 27, 2015 China ikapitisha Sheria ya Kupinga Ukatili wa Nyumbani, ikaanza kutumika Machi 1, 2016. Ni sheria yenye meno kiasi. Inatambua kipigo na mateso ya akili pia, inawahusu hata wanaoishi pamoja bila ndoa, inawapa polisi uwezo wa kutoa onyo la maandishi, na mahakama inatakiwa kuamua ombi la amri ya ulinzi ndani ya saa 72, au saa 24 kukiwa na hatari. Shule, hospitali na kamati za mitaa zinatakiwa kuripoti zikigundua mtoto au mtu asiyejiweza anateswa. Haikugusa ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na hilo ni pengo kubwa. Lakini ukilinganisha na barua ya danwei, ni safari ndefu.

Nilitamani niishie hapo kwa furaha, ila historia hainiruhusu. Angalia tarehe hizi. Ule mtandao wa wanasheria uliosukuma sheria hii kwa miaka kumi na nne ulifungwa mwaka 2014. Machi 2015 wanaharakati watano wanawake walikamatwa kabla ya Siku ya Wanawake kwa sababu walipanga kugawa vipeperushi dhidi ya udhalilishaji kwenye mabasi, wakakaa ndani siku 37. Wawili kati yao ni wale wale wa magauni ya harusi. Na kituo cha Guo Jianmei, ambacho chuo kikuu kilishakitosa mwaka 2010, kilifungwa Februari 1, 2016. Hesabu mwenyewe: mwezi mmoja kabla ya sheria kuanza kutumika. Serikali iliyachukua matunda, ikakata mti.

Mti wenyewe ukawa mbishi. Feng Yuan, naye mwandishi wa habari wa zamani, alikuwa ameshaanzisha asasi ndogo iitwayo Weiping mwaka 2014 kuendeleza kazi. Kwenye wilaya ya Jianli, jimbo la Hubei, polisi wa zamani aitwaye Wan Fei alianzisha asasi yake ya kupinga ukatili wa nyumbani, akitumia ujuzi wake wa kituoni kuwasukuma wenzake wafanye wanachotakiwa kufanya. Januari 2020 Wuhan ikafungwa kwa ajili ya korona, na Hubei karibu yote ikafungwa. Mwanamke akafungiwa ndani na mtu anayempiga. Wan Fei alieleza kwamba Februari 2020 polisi wa Jianli walipokea taarifa 162 za ukatili wa nyumbani, wakati Februari ya mwaka uliotangulia zilikuwa 47.

Na palepale Wuhan mwanaharakati Guo Jing, aliyekuwa amefungiwa kama wengine, akaanzisha na wenzake kitu walichokiita chanjo ndogo ya ukatili wa nyumbani. Unajua ni nini? Karatasi. Unaandika barua ya wazi kwa majirani zako ukieleza ukatili ni nini, sheria inasema nini, simu ipi ipigwe, na kwamba ukisikia kelele usinyamaze. Halafu unaibandika kwenye lango la mtaa au ukutani mwa ngazi za ghorofa yenu. Maelfu ya watu walijitokeza kufanya hivyo, wengine kwa mwandiko wa mkono. Kutoka simu ya siri ya 1992 hadi karatasi iliyobandikwa mchana kweupe kwenye ngazi. Ile aibu ya nyumba imetolewa nje, na aliyeitoa ni jirani.

Si kwamba yameisha. Septemba 2020, kule Sichuan, Lhamo, mwanamke wa Kitibeti aliyependwa na maelfu kwa video zake za maisha ya mlimani, alimwagiwa petroli na kuchomwa na mume waliyekwisha kuachana. Akafariki Septemba 30. Alikuwa ameomba msaada mara kadhaa kabla, na sheria ilikuwa na umri wa miaka minne. Muuaji alihukumiwa kifo mwaka 2021 na kuuawa kwake hakukumrudisha marehemu. Tangu Januari 2021 wanaoachana kwa makubaliano wanatakiwa kusubiri siku 30 kwanza wapoe hasira, na wanaharakati wamelilalamikia hilo sana. Kule kupatanisha kwa lazima kumerudi kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo nimejifunza nini? Wanasheria wetu watasema fundisho ni kutunga sheria, na mimi sibishi. Lakini China walikuwa na sheria ya talaka tangu 1950 na wanawake wakafa wakiifuata. Kilichobadilisha mambo ni pale alipopatikana mtu wa karibu, ambaye kazi yake si kuokoa ndoa bali kumwokoa mwanamke. Sheria ya 2015 waliibeba hao, na pale walipozuiwa, sheria ilibaki karatasi.

Namalizia na hili, maana limenigusa kuliko yote. Agosti 2022 zilianza kutumika taratibu mpya za Mahakama Kuu ya Watu kuhusu amri za ulinzi. Mwombaji hahitaji tena kuthibitisha kila kitu bila shaka yoyote, inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa. Na katika orodha ya ushahidi unaokubalika, pamoja na rekodi za polisi, za hospitali na ujumbe wa simu, kuna ushahidi wa majirani. Yule jirani ambaye kwa karne na karne ameambiwa asijitie kwenye ya watu, sasa ametajwa kwenye maandishi ya mahakama ya juu kabisa. Anasubiriwa aseme alichokisikia kupitia ukutani.